Thomas Andrews: fundi aliyejua meli yake itazama

Wazee wa Mombasa waliofanya kazi Kilindini miaka ya 1950 bado wanazikumbuka meli za abiria zilizokuwa zikizunguka bara zima la Afrika: Kenya Castle, Rhodesia Castle na Braemar Castle. Zilikuwa meli kubwa zenye ubavu wa rangi ya zambarau na dohani nyekundu yenye kofia nyeusi, na zikitia nanga watu walitoka kwenda kuzitazama. Wengi waliopakia na kupakua shehena zake hawakuwa na haja ya kuuliza zimeundwa wapi. Zote tatu ziliundwa katika karakana moja, Harland & Wolff, mjini Belfast, kaskazini mwa Ireland. Na ni karakana hiyo hiyo ambayo miaka arobaini kabla yake ilishua meli ambayo kila mtoto anaijua jina, Titanic.

Nikitaja Titanic najua mawazo ya wengi yanakwenda kwenye ile filamu. Na barazani hapa kwetu kisa chake kimeshapata sura yake: kwamba Wazungu walijigamba wameunda chombo ambacho hata Mungu hawezi kukizamisha, na Mungu akawaonyesha. Ni kisa kizuri cha kuhadithia baada ya Isha. Lakini kinamdhulumu mtu mmoja, na kinatupotosha sisi tunaovuka maji kila siku. Mtu aliyesimamia uundaji wa meli ile hakuamini hata siku moja kwamba haizami. Alijua kwa hesabu ni jeraha kiasi gani meli yake inaweza kulibeba, na ni jeraha gani litaiua. Usiku ule alipoliona jeraha, alipiga hesabu, akasema meli itazama, na hesabu yake hiyo haikukosea.

Jina lake ni Thomas Andrews. Alizaliwa tarehe 7 Februari 1873 katika mji mdogo wa Comber, wilaya ya Down, maili chache kutoka Belfast. Kwao walikuwa watu wenye uwezo. Familia ilikuwa na kiwanda cha kusokota nyuzi za kitani, na kaka yake John baadaye akawa Waziri Mkuu wa Ireland ya Kaskazini. Mama yake, Eliza, alikuwa dada wa William Pirrie, na huyo Pirrie ndiye aliyekuwa mkubwa wa Harland & Wolff. Kwa hiyo mjomba alikuwa mwenye karakana. Kwetu tunajua kijana mwenye mjomba wa namna hiyo huwa anaanzia wapi: kwenye kiti chenye mto, karibu na dirisha.

Andrews hakuanzia hapo. Tarehe 1 Mei 1889, akiwa na miaka 16, aliingia karakana kama mwanagenzi, kazi ya miaka mitano, na ilimlazimu kuwa langoni saa kumi na mbili asubuhi kama kijana mwingine yeyote. Alianza na maseremala miezi mitatu. Akapitia kwa watengeneza samani, stoo, waundaji wenyewe wa meli, wapaka rangi, mafundi wa mitambo, na wahunzi, ambako alikaa miezi minane akipigwa na joto la tanuri. Mwaka na nusu wa mwisho ndio alipewa nafasi katika chumba cha michoro. Jioni, badala ya kwenda kutembea na wenzake, alikuwa akisoma mekanika na elimu ya uundaji meli. Aliyepita njia hiyo hawezi kudanganywa na fundi, wala hana haja ya kumdanganya fundi, kwa sababu kila kazi ameshaishika kwa mikono yake.

Alipanda hatua kwa hatua. Mwaka 1907 alikuwa mkurugenzi na mkuu wa idara ya michoro, bado hajafika miaka 35. Wafanyakazi walimzoea akizunguka karakana na kofia iliyopakaa rangi, mifuko imejaa karatasi za michoro, na chakula chake akigawana na aliyekuwa karibu. Mwaka 1908 alimuoa Helen Barbour, na mwaka 1910 wakapata mtoto mmoja wa kike, Elizabeth, waliyemwita Elba.

Wakati huo kampuni ya White Star ilikuwa imeagiza meli tatu kubwa kuliko zote zilizopata kuelea: Olympic, Titanic na ya tatu ambayo ingeitwa Britannic. Mchoraji mkuu wa mwanzo alikuwa Alexander Carlisle, shemeji yake Pirrie. Huyo alipostaafu mwaka 1910, mzigo ukamwangukia Andrews.

Hapa nitaomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu bila kuelewa jambo hili la viambaza, maisha ya mtu huyu hayaeleweki.

Jahazi letu lina tumbo moja. Kutoka omo mpaka tezi, maji yakiingia popote yanakimbilia ngamani, na mabaharia wanakumba usiku na mchana. Likitoboka zaidi ya uwezo wa mikono ya kukumba, limekwisha. Meli za chuma zilileta dawa yake: ndani ya tumbo husimamishwa viambaza vya chuma vinavyokata meli vipande vipande, ubavu hadi ubavu. Kipande kimoja kikitoboka, maji yanajaa humo na kuishia humo. Meli inazama kidogo, inainama kidogo, lakini inaelea. Titanic ilikuwa na viambaza 15, yaani vyumba 16. Hesabu ya Andrews na wenzake ilisema hivi: vyumba viwili vyovyote vinavyofuatana vikijaa, meli itaelea. Na vile vinne vya kwanza vya omo vikijaa vyote, bado itaelea. Vitano, hapana.

Kwa nini vitano hapana? Kwa sababu viambaza havikufika juu kabisa. Vile vya katikati viliishia sitaha moja tu juu ya mstari wa maji, mita tatu hivi. Fikiria ile trei ya kugandishia barafu kwenye friji. Ukiiweka sawa, kila kishimo kina maji yake. Iinamishe upande mmoja, na maji ya kishimo cha kwanza yanaruka ukingo yanaingia cha pili, kisha cha tatu. Omo ikizidi kuwa nzito, juu ya kiambaza panafika chini ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hakuna pampu ya kuokoa jahazi.

Sasa je, viambaza vingeweza kupandishwa juu zaidi? Vingeweza, na watu walishafanya hivyo zamani. Mwaka 1858 Mwingereza Brunel alikuwa ameshua Great Eastern, meli yenye ngozi mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na viambaza virefu vilivyopanda juu sana ya maji. Mwaka 1862 karibu na New York meli hiyo ilipasuliwa na mwamba ambao haukuwa kwenye ramani: ufa wa futi 83 kwa urefu na futi 9 kwa upana. Ngozi ya nje iliraruka, ya ndani ikashika, na ikaingia New York na abiria wake salama. Lakini Great Eastern haikuwahi kuleta faida. Waliofuata waliona chuma kile chote ni gharama, na viambaza virefu vinakata sebule na ukumbi wa kulia chakula, abiria wa daraja la kwanza hawapendi kupita milango ya chuma. Basi polepole vikateremshwa. Sheria haikukataa.

Hili ndilo kosa, na sitaki kumvua Andrews sehemu yake. Alikuwa mkuu wa michoro, alijua. Lakini nalisema kwa uzito wake: lilikuwa kosa la biashara nzima na la serikali iliyoisimamia, lililokubaliwa kidogo kidogo kwa miaka hamsini. Hata mashua za kuokolea zilikuwa hivyo. Carlisle alikuwa amependekeza mikono ya kushushia mashua yenye uwezo wa kubeba mashua 64. Sheria ya Uingereza, iliyoandikwa wakati meli zilikuwa ndogo, ilidai 16 tu. Meli ikatoka na 20, nafasi za watu 1,178, na ndani yake safari ile walikuwamo watu wapatao 2,200.

Kilichowapa watu moyo ni tukio la tarehe 20 Septemba 1911. Olympic, dada mkubwa wa Titanic, ilikuwa ikitoka Southampton ilipogongwa ubavuni na meli ya kivita Hawke, ambayo omo yake ilikuwa imeundwa makusudi kutoboa vyombo vingine. Vyumba viwili vya upande wa tezi vilijaa maji. Olympic haikuzama, ilirudi Southampton kwa mitambo yake yenyewe. Hesabu ya vyumba viwili ilikuwa imepita mtihani mbele ya macho ya dunia. Ila mafundi wa Belfast waliondolewa kwenye Titanic ili kuitengeneza Olympic, na kwa ajili hiyo safari ya kwanza ya Titanic ikaahirishwa kutoka tarehe 20 Machi hadi 10 Aprili 1912. Kila nikisoma habari hii huwa nafikiri juu ya zile wiki tatu. Mwezi Aprili mwaka ule barafu ilikuwa imeshuka kusini kuliko kawaida.

Andrews alipanda meli Belfast tarehe 2 Aprili. Mjomba Pirrie alikuwa mgonjwa, kwa hiyo mpwa ndiye aliyekwenda kwa niaba ya karakana, akiwa na mafundi wengine wanane ambao kazi yao ilikuwa kukaa ndani ya meli mpya na kurekebisha kila kinacholegea. Mke na mtoto walibaki nyumbani.

Kumbukumbu za siku zile nne za baharini zinamwonyesha mtu asiyepumzika. Mchana kutwa alizunguka na daftari. Aliandika kwamba ndoano za kutundikia kofia vyumbani zina skrubu nyingi kupita kiasi. Aliandika juu ya rangi ya mapambo kwenye sitaha ya matembezi, kwamba imekoza. Chumba cha wanawake cha kuandikia barua aliona hakitumiki sana, sehemu yake ifanywe vyumba vya kulala. Wahudumu wa meli walimpenda, kwa sababu alikuwa ametengeneza sehemu zao za kulala kuliko walivyozoea kwenye meli nyingine, na walipokuwa na malalamiko walimwendea yeye.

Jumapili, tarehe 14 Aprili, saa tano na dakika arobaini za usiku, meli iliukwaruza mlima wa barafu kwa ubavu wa kulia. Andrews alikuwa chumbani kwake na michoro yake, na inaelezwa kwamba hata hakuhisi. Nahodha Smith alimwita. Wawili hao wakateremka kupitia njia za wafanyakazi, wakaona chumba cha barua kimejaa maji na mifuko inaelea, wakaona uwanja wa kuchezea mpira uliokuwa chini nao unaingia maji. Vyumba vitano vya mwanzo vilikuwa vimetobolewa, na cha sita kidogo.

Watu wengi hudhani barafu ilipasua ubavu kama panga. Haikuwa hivyo. Edward Wilding, mhandisi wa karakana hiyo hiyo, alipiga hesabu mbele ya tume ya uchunguzi baadaye mwaka ule: kwa kasi ambayo maji yaliingia, matundu yote yakijumlishwa hayazidi futi 12 za mraba. Ni chini ya ukubwa wa mlango mmoja wa chumba. Miaka ya 1990 wataalamu walichunguza ubavu uliofukiwa na matope kwa mawimbi ya sauti, wakakuta nyufa sita nyembamba, na jumla yake ikalingana na hesabu ya Wilding. Great Eastern ilibeba ufa ambao gari lingeweza kupita. Titanic iliuawa na nyufa ambazo katika sehemu nyingi hazipiti kiganja, kwa sababu zilisambaa kwa futi karibu 300 na kugusa chumba kimoja zaidi ya vile ilivyoweza kuvumilia. Wilding alisema pia kwamba lau meli ingeupiga ule mlima uso kwa uso, omo ingepondeka na wafanyakazi waliolala huko wangekufa, lakini meli ingefika bandarini.

Andrews alimwambia nahodha ukweli wake: saa moja hadi saa moja na nusu. Hakuzungushia maneno. Nataka tusimame hapa kidogo. Mtu yule alikuwa akizungumzia kazi ya mikono yake, na mkuu wa kampuni iliyoinunua naye alikuwa ndani ya meli. Ilikuwa rahisi kusema tusubiri tuone, pampu zinafanya kazi, tusiwatie watu hofu. Sote tumewahi kukutana na mafundi wa namna hiyo, mpaka nyumba inaanguka bado wanasema ni ufa wa lipu tu. Kwa jibu lile mashua zilianza kutayarishwa mapema, simu ya upepo ikaanza kuomba msaada, na meli ya Carpathia ikageuza njia.

Kisha akafanya kazi ambayo haikuwa yake. Alizunguka vyumba akiwahimiza watu watoke na wavae maboya. Aliona wahudumu wa kike hawajavaa ya kwao, akawaambia wavae waonekane, ili abiria wanawake wasione haya kuvaa. Wengi hawakutaka kutoka. Nje kulikuwa na baridi kali, ndani taa zinawaka na muziki unapigwa, na mashua ndogo gizani ilionekana ni hatari kuliko meli kubwa. Mashua za mwanzo zilishushwa nusu tupu. Baadaye alionekana akitupa viti vya sitahani baharini ili watakaoanguka majini wapate cha kushika.

Meli ilizama saa nane na dakika ishirini. Saa mbili na dakika arobaini tangu kugongwa. Watu wapatao 1,500 walikufa, na kati yao alikuwa Andrews, miaka 39, na wale mafundi wanane wote aliokuja nao. Walionusurika ni kama 700.

Filamu zinapenda kumwonyesha mwishoni amesimama peke yake kwenye chumba cha wavuta sigara, ameduwaa mbele ya picha ukutani. Habari hiyo ilitoka kwa mhudumu mmoja ambaye aliondoka na mashua muda mrefu kabla ya mwisho. Wengine walimwona sitahani baada ya hapo, akiwa bado anahangaika na watu. Mimi nawaamini hao wa mwisho, kwa kuwa ndio wanaofanana na mtu tuliyemfuata tangu mwanzo.

Kuna sifa moja ya meli ile ambayo haizungumzwi sana, nayo ni sehemu ya kazi ya Andrews. Chombo kilichojeruhiwa hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupoteza nguvu ya kuelea: maji yanaingia, kinateremka taratibu kama ndoo. Ya pili ni kupoteza mizani: kinalala ubavu na kupinduka, hata kama bado kina hewa ya kutosha kuelea. Njia ya pili ndiyo inayoua haraka na kuua wengi. Titanic ilikufa kwa njia ya kwanza. Viambaza vyake vilikata meli kutoka ubavu hadi ubavu tu. Havikuwapo vya kwenda kwa urefu, omo hadi tezi, ambavyo vingeshikilia maji upande mmoja. Kwa hiyo maji yaliyoingia kulia yalitambaa hadi kushoto, na meli haikulala sana mpaka karibu na mwisho. Mashua ziliteremshwa pande zote mbili. Taa ziliwaka karibu mpaka dakika za mwisho, kwa kazi ya wahandisi wa mitambo ambao hakuna hata mmoja aliyetoka.

Linganisha na Lusitania, iliyopigwa kombora na nyambizi ya Wajerumani tarehe 7 Mei 1915. Hiyo ilikuwa na stoo za makaa zilizokwenda kwa urefu ubavuni, maji yakajaa upande mmoja, ikalala, mashua za upande wa pili zikawa haziteremki vizuri. Dakika 18 ikawa imekwisha, na karibu watu 1,200 nayo. Miaka 100 baada ya Titanic, Januari 2012, Costa Concordia ilipasuliwa na mwamba hatua chache kutoka pwani ya Italia, ikalala, na mashua za upande mmoja hazikuweza kushuka. Watu 32 walikufa mbele ya taa za mji.

Sisi wa Mombasa njia hii ya pili hatuhitaji kuhadithiwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufukwe, na zaidi ya watu 270 wakafa, wengi wakiwa ni watu waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Hapakuwa na barafu wala mwamba. Uzito wa watu ukizidi na kwenda upande mmoja, mizani inaondoka, na ikishaondoka chombo hakingoji. Kuna nyumba Likoni na Mtongwe ambazo mwezi wa Aprili hazijapata kuwa mwezi wa kawaida tangu siku hiyo.

Turudi Belfast. Olympic, ile iliyonusurika na Hawke, iliitwa nyumbani mwishoni mwa 1912. Ikawekewa ngozi ya pili ya chuma kwa ndani, na baadhi ya viambaza vikapandishwa hadi sitaha ya B, ili iweze kuelea hata vyumba sita vikijaa. Yaani lile jeraha la Titanic hasa. Kila kilichosemekana ni ghali au kinaharibu starehe ya abiria kilifanyika kwa miezi michache. Mwezi Januari 1914 mataifa yalikutana London na kutia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha ya watu baharini, unaoitwa SOLAS mpaka leo, na ambao kila meli kubwa inayoingia Kilindini leo iko chini yake. Masharti kuhusu viambaza, mashua za kutosha kila mtu, na redio ya kusikilizwa saa 24 yalitoka humo. Vita vilichelewesha utekelezaji wake, lakini msingi ulikuwa umewekwa.

Ile ya tatu, Britannic, iliwekewa masahihisho hayo ikiwa bado inaundwa. Haikuwahi kubeba abiria wa kulipa. Vita vilipoanza ikafanywa hospitali. Tarehe 21 Novemba 1916 iligonga bomu la majini karibu na kisiwa cha Kea, Ugiriki. Vyumba sita vya mbele vilianza kuingia maji, kiasi ambacho kwa hesabu ilipaswa kukivumilia. Ikazama kwa dakika 55, haraka kuliko Titanic. Mlango mmoja au zaidi wa chuma haukufunga, na madirisha mengi ya duara yalikuwa yameachwa wazi ili wodi zipate hewa, kinyume na amri. Meli ilipolala, maji yakaingia kwa madirisha. Kwa bahati bahari ilikuwa na joto, mashua zilikuwa za kutosha, na katika zaidi ya watu elfu moja walikufa 30. Mmoja wa waliopona alikuwa Violet Jessop, mhudumu na muuguzi, ambaye alikuwa ndani ya Olympic siku ya Hawke na ndani ya Titanic usiku ule. Aliishi mpaka 1971. Alimfahamu Andrews na alimkumbuka kwa wema.

Na mabaki ya Titanic yalipoonekana mwaka 1985, kina cha karibu mita 3,800, yalikuwa vipande viwili. Tume za 1912 zilikuwa zimesema imezama nzima, ingawa baadhi ya walionusurika waliapa kwamba waliiona ikikatika. Tezi ilipoinuka hewani, mkuku na mabamba yakalazimika kubeba uzito ambao hakuna meli inayoundwa kuubeba. Hata hilo, waliokuwa mashuani walikuwa wamelisema na hawakusikilizwa.

Maiti ya Andrews haikupatikana. Watu wa Comber walimjengea ukumbi, na upo hadi leo. Olympic ilifanya kazi hadi 1935 kabla ya kukatwa chuma chakavu. Katika vyombo vya White Star vilivyoundwa enzi zake kimebaki kimoja tu, Nomadic, mashua kubwa ya mvuke ya mwaka 1911, iliyokuwa ikiwapeleka abiria kutoka ufukwe wa Cherbourg, Ufaransa, hadi Titanic iliyotia nanga nje. Ilirudishwa Belfast mwaka 2006, ikakarabatiwa, na sasa imewekwa hatua chache kutoka pale Titanic iliposhuliwa. Anayefika huko anaweza kuipanda.